Mbweha wa Saa Tisa

Mimi si sauti mnayoisikia.
Mimi ni mkono unaoinua simu
tangu saa sita ya usiku hadi saa kumi,
katika chumba chenye ukuta mmoja wa kioo,
na nyuma ya kioo, Aulikki,
akiifuta santuri kwa mkono wa sweta.

Mji ni Kemi, kaskazini mwa Ufini.
Januari hapa jua huchungulia adhuhuri
kama mgeni aliyekosea mlango,
likaomba radhi, likaenda zake.
Saa zinazobaki ni zetu
na za watu wasiolala.

Ensio wa kiwanda cha karatasi
hupiga wakati wa kahawa. Hana salamu.
"Amekata tena! Tango imebakiwa na pumzi tatu,
kodiani ndiyo kwanza inakata roho,
yeye kaingia na habari za theluji.
Theluji naiona. Niko ndani yake."
Naandika daftarini: Ensio, tango, kukatwa.
Mara ya arubaini na moja.

Veikko yuko njiani na lori la magogo.
Anataka ya kasi, asije akasinzia
akaamkia msituni.
Dakika ile ile, laini ya pili,
mama asiyetaja jina anataka ya polepole,
mtoto yu karibu kulala, asema.
Namsikia mtoto. Hayuko karibu na popote.
Kila mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake,
na Aulikki naye huvutia kwake:
anaweka wimbo wa Kiestonia
ambao hakuna aliyeuomba.

Halafu Hilkka. Laini ya tatu, kila usiku.
Haombi wimbo.
"Mwambie anyamaze. Nafungua redio kusikia muziki,
si mwanamke anayesimulia supu yake."
Nitamwambia, nasema. Sijawahi kumwambia.
Au niliwahi, mara moja, Novemba.
Aulikki akacheka, na usiku ule
akaisimulia supu nzima,
na chumvi akaitia.

Alhamisi, saa tisa na dakika saba,
santuri ikafika mwisho.
Sindano ikabaki inazunguka ukingoni,
krrsh, krrsh,
kama mtu anayefagia chumba kilichokwisha fagiliwa.
Nikatazama kiooni.
Kiti kinazunguka taratibu. Hakuna mtu.
Sekunde kumi. Ishirini.
Sikujua ukimya una mlio
mpaka simu zote zilipowaka taa kwa pamoja.

Ensio, mashine zikinguruma mgongoni mwake:
"Ameanguka?"
Veikko kasimamisha lori kando ya barabara.
"Nimezima injini nisikie vizuri," asema,
"na hakuna cha kusikia."
Yule mama alinong'ona tu, "Yupo?"
Mtoto alikuwa amelala, hatimaye,
kwa krrsh, krrsh.
Hilkka hakusema kitu.
Nilijua ni yeye kwa namba ya laini
na kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kulaumu.
Aliivuta. Hakuitoa.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka,
baridi ikatangulia,
kisha Aulikki, soksi zimelowa theluji,
akajitupa kitini, akavuta maikrofoni.
"Samahani," akasema, akihema.
"Kulikuwa na mbweha kwenye pipa la taka."
Akaweka tango. Hakueleza zaidi,
yeye, anayeweza kueleza supu.

Ensio akakata simu bila kuaga,
ambayo ndiyo heshima yake.
Laini ya tatu ilikuwa bado wazi.
Nikangoja: sasa atasema, mwambie anyamaze.
Nilisikia kijiko kikigonga kikombe
na tango yetu ikitokea jikoni kwake,
imechelewa kidogo, nusu hatua nyuma ya yetu,
kama mchezaji aliyezoea kuongozwa.

"Mbweha wa rangi gani?" akauliza.
Sijui, mama. Hakusema.
"Basi kamuulize.
Nangoja."